Chanzo cha Ajali (Andika kwa Ufupi)

Fomu imeacha mstari mmoja,
mfupi kuliko jina langu na la baba.
Nimekaa nje ya wodi na kalamu ya kuazima,
vumbi la Kibaigwa bado limo kwenye kucha.

Niandike mbuzi?

Maana koni zilikuwa mbili. Nne zilikwenda
kumpokea mgeni wa mkoa,
zikapangwa getini kwa heshima.
Tukafanya afanyavyo kila dereva aliyekwama:
nikakata matawi ya mgunga, nikayalaza juu ya lami
hatua hamsini huku, hatua hamsini kule,
mabichi, lugha ambayo hata asiyesoma anaisoma.

Saa nne na nusu kundi likavuka, latoka mnadani.
Mchungaji simu sikioni.
Mbuzi wakaisoma hatari yetu jani kwa jani,
wakaitafuna, wakaimeza,
wakaacha vijiti
ambavyo gari la kwanza lilivisaga.

Mimi nilikuwa nimeshika kamba.
Mshika kamba haangalii barabara. Anaangalia juu:
soli mbili za buti, mkanda, anga.

Ndahani huongea akiwa juu, ndiyo tabia yake.
Kila nguzo hutupa habari kama mtangazaji wa mpira:
fulani kaanika mlenda juu ya bati,
fulani kajenga choo, kimeingia kwa jirani.
Siku hiyo alisema,
"Mvua iko Kongwa, huku haifiki."
Kisha akasema, "Eh, lile semi—"

Lilibeba mahindi, lumbesa juu ya lumbesa,
gunia limevishwa gunia kama kofia,
na waya wetu haujakazwa bado,
umelegea katikati ya barabara
kama kamba ya kuanikia nguo.
Dereva hakuona tawi. Hakukuwa na tawi.
Gunia la juu kabisa likaunasa waya
kama ukucha unavyonasa uzi wa sweta.
Nguzo ikainama, ikainama kuelekea Morogoro,
ikarudi.
Ilirudi peke yake.

Mkanda ulishika. Na hilo niliandike?
Mkanda ulishika mpaka ulipochanika
pale tulipopashona Januari
kwa uzi wa fundi viatu.

Mahindi yalimwagika, watu wakaja na ndoo.
Siwalaumu; mwaka huu mvua imekuwa ya Kongwa.
Mama mmoja tu aliyamwaga yake chini,
akalikunja gunia tupu,
akamfunika Ndahani miguu, iliyokuwa ikitetemeka juani.

Nyonga. Bega la kulia. Mbavu tatu.
Daktari alihesabu kama mtu anayerudisha chenji.

Jioni hiyohiyo tulirudi tukaunga.
Mashine za kusaga zilikuwa kimya tangu asubuhi,
na kituo cha afya kilikuwa na mzazi.
Saa moja kasoro taa zikawaka,
watoto wa mji mzima wakapiga kelele:
Umemeee!
Ndahani huipenda kelele hiyo,
huagiza gari lizimwe ili aisikie vizuri.
Nikazima gari.

Leo Sechelela, mkewe, kaleta uji wa uwele.
Kaniuliza: fomu ikijazwa vibaya, fidia huchelewa?
Nimemwambia sijui.
Najua.

Ndani, mgonjwa ameomba kitanda kigeuzwe.
Sasa dirisha linampa nguzo moja
na kikombe kilichopasuka juu yake.
"Waambie," ananituma,
"wakibadilishe kabla mvua haijakumbuka njia ya huku."
Anatangaza bado, chali,
kwa pumzi ya mbavu tatu.

Nikaandika: Koni mbili.
Nikaongeza mgeni, mgunga, mbuzi.
Nikaongeza lumbesa, na mizani ya barabarani iliyoipitisha.
Nikaandika uzi wa fundi viatu,
na jina la aliyesema mkanda mpya usubiri bajeti,
herufi ndogo, ndogo zaidi,
nikaupita mstari, nikashuka nao ukingoni,
mpaka nikaingia pale palipochapwa kwa wino mzito
Kwa Matumizi ya Ofisi Tu,
na sikuinua kalamu.